Mvumo Upande wa Kulia

Asubuhi za Githongo, mvua ya usiku ingali imelala juu ya majani ya chai, na ukungu wa Mlima Kenya haujapanda wala haujashuka, sikio hufika mbali kuliko jicho. Na mtu aliyesimama kando ya barabara akingojea usafiri wa kuteremkia Meru aghalabu hulisikia gari kabla hajaliona, akajua kuwa hili ni lori la kiwanda cha chai lililoshiba majani mabichi, na lile ni Probox ya abiria, na, kama amezoea, akajua pia kuwa Probox hiyo ni nzima au ina maradhi. Maarifa hayo ya msimamaji wa barabarani hayaandikwi popote wala hayalipiwi ada, lakini ndiyo mwanzo wa elimu ninayotaka kuieleza hapa, yaani elimu ya kuisikiliza sauti ngeni katika gari lililokwisha tumiwa na watu wengine kabla yetu, na kuifuata mpaka mahali inapotoka.

Elimu hiyo mimi niliinunua kwa fedha. Gari langu lilikuwa na umri wa miaka tisa nilipolipata, na baada ya miezi michache likaanza kutoa mvumo kama wa nyuki waliofungiwa mzingani, mvumo usiosikika mjini wala penye makorongo, ila kwenye lami tu, mwendo ulipopita kilomita 60 kwa saa. Fundi wa kwanza alisema ni matairi. Nikanunua mawili mapya, na mvumo ukabaki palepale. Fundi wa pili alisema ni shokomzoba; zikabadilishwa, na mvumo haukujali. Siwalaumu kwa ujinga, maana walikuwa watu wenye mikono mizuri. Nawalaumu kwa haraka, kwa kuwa kila mmoja wao alilisikiliza gari kwa muda usiotosha kumeza funda la chai, kisha akatoa hukumu, na gharama ya hukumu hiyo ikawa juu yangu.

Hatimaye nilipelekwa kwa mzee mmoja mwenye banda la mabati pale Githongo. Baada ya salamu nikamwambia, "Mzee, gari langu linavuma." Yeye hakuinama kutazama chochote. Aliniuliza neno moja: "Linavuma lini?"

Katika safari zangu zote za gereji hapakuwa na mtu aliyepata kuniuliza hivyo. Wote walitaka kujua sauti ikoje, na mimi nikajitahidi kuiigiza kwa mdomo, ilhali lugha yetu, ingawa ina utajiri mkubwa wa maneno ya sauti, haina mizani ya kuzipima: kuna kuvuma, kunguruma, kukoroma, kukwaruza, kualika, kutatarika, kugota na kupiga mluzi, na kile ambacho mimi nakiita kuvuma, jirani yangu atakiita kunguruma, na dereva wa tatu ataapa kuwa ni kukwaruza. Walakini wakati wa sauti hauna hitilafu hiyo. Injini ilikuwa baridi au moto? Ulikuwa umekanyaga breki au umeiachia? Ulikuwa ukienda moja kwa moja au umekata kona? Mambo hayo hata mtoto aliyekaa kiti cha nyuma huweza kuyashuhudia, na ushahidi wake ukawa thabiti.

Mzee alinieleza kuwa kila sauti katika gari ina bwana wake, na mabwana ni watatu: injini, gurudumu na barabara. Sauti inayoitumikia injini hupanda na kushuka kwa kadiri unavyokanyaga mafuta, hata gari likiwa limesimama. Sauti inayolitumikia gurudumu hufuata mwendo wa gari peke yake. Sauti inayoitumikia barabara hunyamaza kwenye lami laini na kuamka kwenye mashimo. Ukitaka kumjua bwana, mtenge na wenzake: kwenye njia tambarare isiyo na magari mengine, gari likiwa katika mwendo wake, weka gia huru kwa nukta chache ili injini itulie, kisha usikilize: sauti ikishuka pamoja na injini, ni mtumishi wa injini; ikibaki vilevile, shuka utazame magurudumu. Nasema njia tambarare kwa kusisitiza, maana miteremko ya hapa kwetu Imenti si mahali pa kuliachia gari gia huru hata kwa nukta moja.

Hesabu ndogo husaidia. Gurudumu la Probox lina mzingo wa karibu mita 1.9, na kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzunguka takriban mara tatu kwa nukta; basi ukisikia tiki tatu kwa kila nukta katika mwendo huo, yamkini ni kokoto tu iliyonasa katika tairi, nawe utaitoa kwa bisibisi bila kumlipa mtu. Injini nayo, ikiwa inanguruma pale pale kwa mizunguko 800 kwa dakika, ina sehemu za juu zinazokwenda nusu ya mwendo wa zile za chini: valvu iliyolegea itagota mara 400 kwa dakika, kwa sauti nyepesi kama ya cherehani, ilhali konrodi iliyochakaa itagonga kwa mwendo wa krankshafti yenyewe, mara 800, kwa sauti nzito ya mchi ndani ya kinu, na itazidi injini ikipewa mzigo wa kupanda mlima. Ile ya kwanza huweza kungoja mwisho wa mwezi. Ya pili haingoji kesho: zima injini, pima oili, uliburure gari mpaka gereji, kwa kuwa kila kilomita unayoiongeza huila injini nzima.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, fungua buti. Nimemwona mtu aliyekwisha lipia bushi na boljointi kwa ajili ya sauti ya kugonga iliyokuwa ikitoka kwa jeki iliyolegea mahali pake.

Sauti za asubuhi mara nyingi hazitishi. Mkanda wa injini hupiga kelele gari likiwashwa katika baridi ya mlimani, na jaribio lake ni maji kidogo yanayonyunyizwa juu yake kwa hadhari: mlio wa kukatakata ukinyamaza kwa muda, mkanda haukukaa sawa katika magurudumu yake; mlio mrefu ukizidi, mkanda umelegea. Ekzosi yenye upenyo huko inakoungana na injini hutiki injini ikiwa baridi, kisha ikanyamaza chuma kinapopata moto na kutanuka kikaziba ule ufa, na wengi hudhani gari limepona.

Sauti ya nchi yetu hasa ni ya jointi ya ekseli. Gari linalovutwa kwa magurudumu ya mbele hupeleka nguvu kwa jointi ambazo lazima zizunguke na kujipinda kwa wakati mmoja, na jointi hizo zimevikwa raba yenye mikunjo iliyojazwa grisi. Raba ikipasuka, jambo ambalo kokoto za njia za ndani hulifanya bila taabu, grisi hurushwa nje, na tope jekundu la mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo upande huu wa mashariki wa mlima huzipata kwa wingi, huingia mahali pa grisi na kusaga chuma kama msasa. Mwanzoni hakuna sauti yoyote. Baadaye, ukikata usukani mpaka mwisho na kukanyaga mafuta, utasikia kaka-kaka-kaka, kama mtu anayealisha vidole. Aliyeinama chini ya gari kila mwezi akaiona raba mara tu ilipopasuka atanunua raba na grisi. Aliyengoja mpaka aisikie sauti atanunua jointi.

Nazo breki zina sauti mbili ambazo sharti kila dereva azitofautishe. Breki pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi na mtengenezaji, ili pedi ikikaribia kwisha ulimi huo uguse diski na kulia kwa sauti nyembamba. Huo si ugonjwa, ni mnadi anayetangaza kuwa muda umekaribia. Asiposikilizwa, hufuata sauti ya pili, ya chuma kukwaruza chuma kila unapokanyaga breki, na hapo pedi imekwisha na diski inaliwa. Nawajua madereva wanaosema ni vumbi tu. Njia ya kutoka Meru kwenda Embu huteremka kwa ukali hadi daraja la Mto Nithi, na pale, tarehe 24 Julai 2022, basi la abiria liliacha njia likatumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Kila nipitapo mahali pale huona haya kwa siku nilizopata kuisikia sauti ya breki nikaongeza sauti ya redio.

Narudi kwa mzee. Aliingia kiti cha abiria, akaniomba nizime redio na kufunga vioo, akafumba macho. Tulipofika kwenye lami na mvumo ukaanza, aliniambia niyumbishe gari polepole, kidogo kushoto, kidogo kulia, na papo hapo nikasikia jambo ambalo lilikuwa likisemwa masikioni mwangu kwa miezi: nikikata kushoto mvumo ulipanda, nikikata kulia ulififia. Gari likikata kushoto uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, na beringi mbovu hulalamika inapobebeshwa. "Kulia," akasema mzee, akafumbua macho. Bandani aliliinua gari kwa jeki na kulitegemeza vizuri, akaweka vidole vya mkono mmoja juu ya springi na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa pili, akaniita nami niguse. Katika springi ya mbele kulia nilihisi mtetemeko mwembamba, kama wa paka anayekoroma. Katika ile ya kushoto, kimya.

Mbinu hiyo ina nasaba ya kuheshimiwa. Mnamo 1761 tabibu Leopold Auenbrugger alichapisha huko Vienna njia ya kugonga kifua cha mgonjwa ili kujua yaliyomo, naye alikuwa mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa kuwa alijifunza kwa kuona mapipa yakigongwa kupimwa mvinyo, kama vile mama zetu wa pwani wagongavyo nazi sokoni. Mwaka 1816 René Laennec, katika hospitali ya Necker mjini Paris, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa na kusikia moyo dhahiri kuliko alivyopata kuusikia. Fundi wa Githongo anayeweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni anafanya kazi ileile ya Laennec, na kwa maoni yangu anastahili taadhima ileile.

Beringi ilipotolewa, mzee aliipangusa na kunionyesha njia ya gololi: chuma kilichopaswa kung'aa kama kioo kilikuwa kimebanduka vipande vidogo vidogo, kama uso wenye alama za ndui. Bei yake pamoja na ufundi haikufika hata ya tairi moja kati ya yale mawili niliyonunua bure.

Magari mengi tuliyo nayo hutoka Japani, yakipitia Mombasa, na kanuni ya Kenya, KS 1515, hairuhusu kuingia gari lililozidi umri wa miaka minane, na sharti likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kanuni hiyo ni njema, lakini ukaguzi hushuhudia siku ya safari tu. Mnunuzi wa pili au wa tatu, huku mlimani, hununua pia miaka yote ya mawe na tope iliyofuata, na hana shahidi ila masikio yake. Kwa hiyo mzee huwaagiza wanaomwomba aende nao kununua wamchukue alfajiri, kwa sababu injini iliyokwisha pata moto huficha nusu ya maneno yake.

Nilifuatana naye mara moja. Muuzaji alikuwa amelipangusa gari likang'aa, akashika ufunguo tayari kuwasha. Mzee alimsalimu kwa adabu, kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kitambo. Boneti ilikuwa na joto.

"Nililisogeza tu kidogo, Mzee," akasema muuzaji.

"Si neno, mwanangu," akajibu, akatafuta jiwe chini ya mgravilea, akaketi. "Tutangoja lipoe."