Wakili Mzembe na Neno Wizi

Katika majilisi ya walimu, kila aliyepoteza shamba kwa sababu ya wakili hunena neno moja: wizi. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, naona neno hilo ndilo liwapotezalo wengi. Mwizi hupelekwa kwa polisi. Mzembe hudaiwa fidia mahakamani.

Mwalimu mmoja nimjuaye alinunua ekari mbili za kilimo. Wakili wake alipokea ada, akaandika mkataba, kisha akanyamaza. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka idhini ya bodi iombwe katika miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Pasipo idhini, mauzo ya ardhi iliyo chini ya bodi ni batili. Miezi ikapita, muuzaji akageuka. Hapo hakuna aliyeiba. Yupo aliyelala kazini.

Mwalimu alikimbilia Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, akaketi kungoja. Tume ina manufaa yake kwa nidhamu ya mawakili. Lakini kulalamika si kushtaki. Muda wa kudai haungoji barua za tume: miaka 3 kwa uzembe, 6 kwa kuvunjwa kwa mkataba. Tena mahakama hupima hasara, wala si hasira, kwa hiyo risiti, mkataba na kila barua ni silaha.

“Niende kwa wakili mwingine tena?” aliniuliza kwa kicheko kikavu. Naam, kwa mwingine, na kabla mwaka wa tatu haujaisha.