Betri ya taa ya dagaa huharibikia nyumbani, si ziwani

KARABAI zilizokuwa ziking'ara usiku juu ya Ziwa Tanganyika zimezipisha taa za umeme katika mitumbwi mingi ya dagaa. Kwa mvuvi wa Kibirizi, Katonga au Ujiji, fedha iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa sasa imelala ndani ya betri. Betri ni mtaji: hununuliwa kwa mkupuo, na faida yake hupatikana tu ikidumu.

Hata hivyo, betri nyingi hufa kwa kuhifadhiwa vibaya wakati wa mapumziko. Uvuvi wa taa hutegemea giza, hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika. Aidha, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Betri iliyotoka ziwani ikiwa tupu, ikawekwa pembeni ya nyumba hadi giza lirudi, huanza kuharibika hapo hapo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Betri ya sh. 240,000 ikidumu miezi 24, gharama yake ni sh. 10,000 kwa mwezi. Ikifa baada ya miezi minane, gharama inapanda hadi sh. 30,000 kwa mwezi, na fedha hiyo hutoka kwenye dagaa wale wale.

Betri za asidi

Hizi ni betri nzito, kama za magari. Adui yake mkubwa ni kukaa tupu, kwani chumvi ya risasi huganda kwenye bamba zake na haiyeyuki tena kwa urahisi. Kwa hiyo ichajiwe ijae siku ile ile inaporudi kutoka ziwani, kisha kila mwezi ikiwa inapumzika. Ikijaa na kutulia, mita huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 12.4, ichajiwe tena.

Usiitumie hadi taa zififie. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu tu, yaani 600, bado utawasha taa za wati 60 kwa saa 10.

Betri za lithiamu

Hizi ni nyepesi, za jamii moja na zile za baiskeli na pikipiki za umeme. Matunzo yake ya mapumziko ni tofauti: zikikaa muda mrefu zibaki na chaji karibu nusu, kwani kukaa zimejaa kwenye joto huzichosha, na kukaa tupu kabisa huweza kuziua. Zihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na bati lenye joto, na zikaguliwe kila mwezi.

Chaja iwe ile iliyotengenezwa kwa betri hiyo. Chaja ya betri za asidi isitumike kwenye lithiamu. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama majini isichajiwe hata kama bado inawasha taa. Itengwe nje, mbali na nyumba na nyavu, kisha aitwe fundi.

Mahali pa kuchajia

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Chumba kiwe na madirisha wazi, bila sigara, koroboi wala jiko. Funga nyaya kwanza ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima kwanza ndipo uzifungue.

Betri ya lithiamu isichajiwe mlangoni wala chumba cha kulala watu wakiwa usingizini. Ikishika moto, moshi wake ni sumu na moto huweza kurudi baada ya kuzimika. Toeni watu kwanza, kateni umeme kama njia ni salama, kisha iteni Zimamoto kwa namba 114.

Wafanyabiashara wanaochaji betri za wavuvi wana nafasi ya kujipatia sifa hapa. Kila betri iandikwe jina la mwenyewe na aina yake, za asidi zitengwe na za lithiamu, na dumu za petroli za injini ziwekwe mbali kabisa. Mwezi unapoanza kujaa, mvuvi aambiwe bei ya kutunziwa betri hadi giza lirudi. Hiyo ni huduma anayoweza kuilipia, kwa sababu itamgharimu kidogo kuliko betri mpya.