Mwajiri mdogo, daftari lako la mishahara liko wapi?

KWA miaka minne, mama mmoja mwenye hoteli ndogo hapa mtaani Umoja, Nairobi, alimlipa mpishi wake Sh700 kila jioni, mkononi, kabla ya kufunga mlango. Hapakuwa na barua wala sahihi. Biashara ikilala alimwambia, "Dada, chukua mia tano leo, hizo zingine kesho," na kesho hiyo mara ilifika, mara ikasahaulika.

Asubuhi moja kukazuka ubishi kuhusu kilo mbili za sukari. Mama akampiga mpishi kalamu papo hapo, mbele ya wateja waliokuwa wakinywa chai. Majuma matatu baadaye ikaletwa bahasha kutoka kwa wakili. Mama huyo ni jirani yangu, na jioni hiyo alinijia nayo mkononi huku jasho likimtoka.

"Huyu si alikuwa kibarua tu? Kibarua naye anashtaki?"

Anashtaki, na sheria iko upande wake.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa kila siku inapoisha, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena. Anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zote za mwajiriwa ni zake. Kumlipa jioni badala ya mwisho wa mwezi hakubadilishi lolote.

Hebu tuipige hesabu ya jirani yangu. Siku 26 za Sh700 ni Sh18,200 kwa mwezi. Notisi ya kumwachisha mfanyakazi wa mwezi ni siku 28, au alipwe pesa badala yake. Hapo mshahara wa mwezi mmoja umekwenda. Likizo ya kila mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo kamili, na mpishi hakuwahi kupewa hata moja. Kwa Sh700 kwa siku, hizo ni Sh14,700 kwa kila mwaka. Kwa kuwa hakuandikishwa katika hazina ya NSSF, anadai pia malipo ya utumishi, ambayo mara nyingi huhesabiwa siku 15 kwa kila mwaka: miaka minne ni Sh42,000. Na mahakama ikiona kwamba alifutwa kinyume cha sheria, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hiyo peke yake ni Sh218,400. Hoteli yenyewe, pamoja na sufuria zake zote, sidhani ingepata mnunuzi kwa bei hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka, saluni na karakana wengi huandika deni la mteja wa sukari robo, lakini mshahara wa mtu anayewafungulia biashara alfajiri hawauandiki popote.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi. Usiogope neno mkataba. Ukurasa mmoja unatosha, wenye majina, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara na siku ya kulipwa, likizo na notisi. Wote wawili watie sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlivyoelewana unamwangukia yeye. Na karatasi hizo zihifadhiwe kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka.

Tuje kwenye mshahara. Kiwango cha chini kilichoanza kutumika Novemba 1, 2024 kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalum katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Ukiongeza asilimia 15 ya nyumba unafika zaidi kidogo ya Sh18,530. Mpishi ana kiwango chake, kilicho juu ya hicho. Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hivyo uliza afisi ya leba iliyo karibu kabla ya kupanga mshahara wa mtu.

Makato ndiyo huwatia wengi kiwewe, lakini chukua kalamu tuone. Mfanyakazi wa Sh20,000 hakatwi kodi ya mapato, kwa sababu kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 msamaha wa Sh2,400 kwa mwezi humfuta mtu wa hadi Sh24,000. NSSF ni asilimia 6, yaani Sh1,200. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, ni asilimia 2.75, yaani Sh550. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh300. Jumla ni Sh2,050, naye anakwenda nyumbani na Sh17,950. Mwajiri kwa upande wake anaongeza Sh1,200 za NSSF, Sh300 za nyumba na Sh50 za NITA. Kwa hiyo mtu wa Sh20,000 anamgharimu Sh21,550, na hicho ndicho kiasi cha kuweka kwenye bajeti. Pesa hizo ziwe zimefika zinakotakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi naye apewe hati ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa.

Kuna makato mengine ambayo hayamo katika orodha ya serikali. Kikombe kimevunjika, mhudumu akatwe. Mteja ametoroka bila kulipa, mhudumu akatwe. Sheria hairuhusu hivyo. Mali ikiharibika, mfanyakazi hukatwa kiasi cha haki ikiwa tu aliiharibu kwa makusudi. Pesa zikipungua, hukatwa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Hata makato yakiwa halali, pamoja na advansi, yasizidi thuluthi mbili za mshahara.

Na ile sukari? Tuseme kweli mpishi aliichukua. Bado mama alitakiwa kumketisha, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini wa kuchagua mwenyewe akiwa hapo, kisha amsikilize kabla ya kuamua. Nusu saa jikoni ingetosha.

Mambo hayakufika mahakamani. Walikutana kwa afisa wa leba, wakabishana mchana kutwa, wakakubaliana kiasi ambacho jirani yangu anakilipa kwa awamu, kila tarehe tano. Hajaniambia ni ngapi nami sikumuuliza. Wahudumu wake wawili sasa wana mikataba, na juu ya friji pana daftari kubwa lenye jalada gumu.

Juzi mpishi alipita pale kuomba cheti cha utumishi, kwa maana amepata kazi katika hoteli ya upande wa pili wa barabara na mwajiri wake mpya alikitaka. Mama alinuna kidogo. Mtu aliyefanya kazi majuma manne mfululizo hanyimwi cheti hicho, hata kama mliachana kwa ugomvi. Aliketi, akaandika jina, kazi, tarehe ya kuanza na ya kuondoka, akapiga mhuri wa hoteli. Kisha akamuuliza mpishi kama amekunywa chai.