Kinga ya Aliyepandikizwa Figo: Mfano wa Kalama

Makala hii inakusudia kueleza namna mtu aliyepandikizwa figo anavyoweza kuepushwa na maambukizi ya virusi anaporejea nyumbani, hususan katika vijiji vya Kalama, Machakos.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanywa na Joseph Murray mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, baina ya ndugu pacha wa kufanana. Mwili wa mgonjwa yule haukuiona figo ile kuwa ngeni. Wagonjwa wengine, mathalani wanaopewa figo na jamaa zao katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hulazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga, kama vile takrolimasi, maadamu figo ingali inafanya kazi. Hapa ndipo penye mkinzano: ngao inayoshushwa ili figo isishambuliwe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikizuia virusi.

Virusi vinavyohofiwa ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vile vilivyolala mwilini tangu zamani. Miongoni mwavyo ni sitomegalovirusi, ambavyo watu wazima wengi wa Afrika wanavyo bila kujua, na virusi vya BK, vinavyoweza kuiharibu figo mpya. Aidha, virusi vya tetekuwanga huweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Dhidi ya sitomegalovirusi, daktari huweza kumpa mgonjwa valgansikloviri kwa miezi 3 hadi 6. Virusi vya BK hutafutwa kwa vipimo, na vikionekana, daktari hupunguza dawa za kudhoofisha kinga. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, kwani mwili huweza kuikataa figo.

Kundi la pili hutoka nje: homa ya ini aina ya B, mafua, surua na Korona. Chanjo ya homa ya ini hufaa zaidi ikitolewa kabla ya upandikizaji, kinga ingali na nguvu. Baada ya upandikizaji, chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida hazitolewi. Hali kadhalika, mtoto aliyepewa matone ya polio hutoa virusi hafifu katika choo kwa wiki kadhaa. Ni heri mtu mwingine ambadilishe nepi.

Machakos pia ina historia ndefu ya kichaa cha mbwa. Aliyepandikizwa figo akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali mara moja, na aeleze dawa anazotumia, kwa sababu huenda chanjo pekee isimtoshe.

Lililo gumu zaidi, yamkini, ni desturi. Mgonjwa akirudi, majirani humiminika kumpa pole, kumshika mkono na kumletea watoto awabariki. Kumwomba mwenye kikohozi au upele asubiri hadi apone si utovu wa adabu. Nyuma ya figo ile mara nyingi yupo ndugu aliyekubali kupasuliwa ili mwenzake aishi. Kunawa mikono na kuketi mbali kidogo ni njia ya jamii nzima ya kuilinda zawadi hiyo.