Kuchagua Taa ya Kichwani kwa Safari ya Baridi



Wengi wetu tumewaona wazee wakianika betri za redio juani zinapoanza kufifia. Zikipata joto, redio husikika tena kwa muda. Wazee hawakosei. Umeme wa betri hutokana na dawa zilizomo ndani yake, na joto huzichangamsha. Sasa geuza jambo hilo: ipeleke betri hiyo hiyo penye barafu, dawa zitalegea, na taa itafifia ilhali umeme ungalimo ndani.

Kwetu mahali pa kuliona hilo ni Mlima Kilimanjaro. Wanaopanda kwa njia ya Marangu hupumzika Kibo, mita 4,720, kisha hutoka karibu na saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Jua huchomoza saa kumi na mbili na ushei. Basi taa yatakiwa iwake zaidi ya saa sita, juu ya changarawe inayoteleza, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Ikizimika hapo, huoni hata unapokanyaga.

Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni betri, taa baadaye. Zile za alkalini tulizozizoea madukani zina maji ndani yake, nazo hushindwa mapema. Za lithiamu zisizochajiwa, saizi ya AA, hufanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri, tena ni nyepesi: gramu 15 hivi, na ya alkalini ni 23. Ni ghali mara kadhaa, lakini hapa mimi ningelipa. Soma kwanza karatasi ya taa kama inazikubali, kwani zikiwa mpya volti zake huzidi kidogo. Taa za kuchaji nazo hupungua nguvu kwenye baridi, na ukizichaji chini ya nyuzi sifuri betri huharibika isirudi tena.

Usidanganywe na namba za kwenye boksi. Lumeni zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni za mwanga mkali kabisa; saa nyingi zinazoandikwa pembeni mara nyingi ni za mwanga hafifu. Tena katika kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi, saa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu! Kwa kutembea, lumeni 50 hadi 100 zatosha.

Swichi ijaribu dukani ukiwa umevaa glavu nene. Ukipata taa ambayo kisanduku chake cha betri kina waya mrefu, ichukue, maana kisanduku kitakaa ndani ya koti. Usipoipata, weka betri za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, wala si kwenye begi. Na ukibadilisha, zile zilizofifia usizitupe. Zipashe joto mfukoni, huenda zikawaka tena.

Swala ya alfajiri itawakuta bado mnapanda. Mkanda wa taa hukaa juu ya paji la uso, na katika madhehebu ya Imam Shafi sharti paji liguse mahali pa kusujudia bila kizuizi. Teremsha taa shingoni kabla ya takbira, pandisha na kofia, kisha izime isimpige mwenzako machoni.