FLAC, ALAC na WAV: muziki ni ule ule, hatari iko kwenye kigeuzi

Anayenunua albamu ya ubora wa juu mtandaoni mara nyingi hupewa mafaili ya FLAC. Akitaka kuyaingiza kwenye maktaba ya programu ya muziki ya Apple yanakataliwa, maana programu hiyo inataka ALAC. Akiyapeleka studio, fundi anaomba WAV. Hapo ndipo wasiwasi unapoanza: je, faili likigeuzwa kutoka fomati moja kwenda nyingine, sauti inapungua? Wapo wanaoshikilia kwamba kila ugeuzaji unakula kitu, hata kama ni kidogo. Wapo wanaosema fomati hizi hazipunguzi chochote, basi geuza utakavyo na usihangaike. Pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa pili ndilo linaloharibu mafaili mengi zaidi. Ugeuzaji wenyewe kati ya fomati zisizopunguza haugusi sauti hata chembe, na jambo hilo linathibitishwa kwa hesabu. Lakini programu inayofanya kazi hiyo inaweza kupunguza muziki kimyakimya kwa sababu ya mipangilio yake. Cha kuchunga, basi, ni namba zilizomo ndani ya faili.

Sauti ya kidijitali ni orodha ndefu ya namba. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16. Faili la ubora wa juu linaweza kuwa na vipimo 96,000 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 24. Zidisha 96,000 kwa 24, kisha kwa pande mbili: unapata biti 4,608,000, yaani baiti 576,000 kwa kila sekunde. Wimbo wa dakika tano unafika megabaiti 172.8. AIFF, iliyotolewa na Apple mwaka 1988, na WAV, iliyotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huziandika namba hizo jinsi zilivyo. Zinatofautiana zaidi kwenye mpangilio wa baiti na kwenye maelezo yanayotangulia muziki. Ukigeuza AIFF kuwa WAV, namba zinapangwa upya na hakuna hata moja inayobadilika thamani.

FLAC na ALAC zenyewe hubana, na neno hilo huwatisha watu kwa sababu wamelizoea kwenye MP3. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio linakadiriwa kutozisikia, na kilichotupwa hakirudi tena. FLAC inafanya kazi nyingine kabisa. Chukua vipimo vitano vinavyofuatana: 100, 104, 109, 115 na 121. Mojawapo ya kanuni rahisi inazoweza kutumia inasema hivi: zidisha kipimo cha mwisho kwa mbili, kisha toa kile kilichokitangulia. Baada ya 100 na 104, kanuni inabashiri 108. Kipimo halisi ni 109, hivyo tofauti ni 1. Baada ya 104 na 109 inabashiri 114, halisi ni 115, tofauti ni 1 tena. Baada ya 109 na 115 inabashiri 121, na ni 121 kweli, tofauti ni sifuri. Faili halihitaji tena kuhifadhi namba zote tano. Linahifadhi mbili za mwanzo, kanuni iliyotumika, na tofauti 1, 1 na 0, ambazo zinaandikika kwa biti chache sana. Kicheza muziki kinairudia kanuni ile ile, kinaongeza tofauti, na kinapata 100, 104, 109, 115 na 121 bila kukisia. Hata vile viwango vya kubana kuanzia 0 hadi 8, ambavyo wengi hudhani ni viwango vya ubora, vinaamua tu ni kwa bidii gani programu itatafuta kanuni inayobashiri vizuri zaidi. Sauti inayotoka ni moja kwenye viwango vyote.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba halihitaji imani. Josh Coalson, aliyetoa toleo la kwanza kamili la FLAC mwaka 2001, aliweka mwanzoni mwa kila faili nafasi ya alama ya MD5, mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaokokotolewa kutoka kwenye namba za muziki kabla hazijabanwa. Kipimo kimoja tu kikibadilika katikati ya mamilioni, alama inayotoka huwa nyingine kabisa. Geuza faili la FLAC kuwa ALAC, ligeuze ALAC kuwa WAV, lirudishe WAV kuwa FLAC, kisha linganisha alama ya mwanzo na ya mwisho. Zikifanana, muziki haukuguswa. ALAC, ambayo Apple iliitoa mwaka 2004 na kuifungulia umma msimbo wake mwaka 2011, haibebi alama ya namna hii, lakini programu kama foobar2000 na ffmpeg zinaweza kulifungua faili lake na kukokotoa alama hiyo hiyo kutoka kwenye namba zilizomo.

Pingamizi linalosikika sana ni la masikio: wasikilizaji wengi, tena wenye vifaa vizuri, wanasema WAV inasikika wazi zaidi kuliko FLAC ya wimbo ule ule. Haifai kuwabeza, kwa maana mara nyingine tofauti ipo kweli, ila chanzo chake hakiko kwenye fomati. Vicheza muziki vingi husoma lebo ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Lebo hiyo ikiwamo kwenye FLAC na ikakosekana kwenye WAV, wimbo mmoja utapigwa kwa sauti kubwa kidogo, na sikio la binadamu huiona sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo bora. Wengine wanasema kazi ya kufungua FLAC inaichosha prosesa na kuzalisha kelele za umeme. Kufungua FLAC ni kazi nyepesi, na namba zinasubiri kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kufika kwenye chipu inayozigeuza kuwa umeme wa spika. Hata kama kifaa kimetengenezwa vibaya kiasi cha kuvujisha kelele hiyo, kasoro ni ya kifaa. Faili liko salama, na ukiligeuza kuwa WAV unapata namba za awali zote. Na anayesikiliza kwa Bluetooth ya kawaida ajue kwamba sauti inabanwa upya kwa njia inayopunguza kabla haijafika kwenye spika za masikioni, iwe imetoka kwenye WAV au FLAC.

Sasa upande wa wale wasiohangaika. Programu ya ffmpeg ni ya bure, inaaminika, na iko nyuma ya vigeuzi vingi vyenye vitufe vya kupendeza. Ukiiambia igeuze wimbo.flac kuwa wimbo.wav bila neno la ziada, inatoa WAV ya biti 16 hata kama faili la awali lilikuwa la biti 24, kwa sababu hicho ndicho kiwango chake cha kawaida kwa WAV. Haikusimamishi kukuonya. Biti nane za chini za kila kipimo zimekwenda, na wimbo unaendelea kupigwa vizuri tu. Lakini hesabu inaumbua: wimbo wetu wa dakika tano ulipaswa kuwa megabaiti 172.8, na huu mpya una 115.2. Ukitaja kwenye amri kwamba unataka pcm_s24le, yaani namba za biti 24, tatizo linaisha. Kuna mitego mingine ya aina hiyo. Kigeuzi kilichopangwa kutoa vipimo 44,100 kikipewa faili la 96,000 kitalazimika kukokotoa vipimo vipya kabisa, kwani uwiano wa viwango hivyo ni 147 kwa 320 na vipimo vya zamani haviangukii mahali pamoja na vipya. Faili la studio lililoandikwa kwa namba za desimali za biti 32 haliingii kwenye FLAC bila kubadilishwa, maana FLAC huhifadhi namba kamili pekee. Na DSD, iliyokuja na diski za SACD za Sony na Philips mwaka 1999, huandika biti moja mara 2,822,400 kwa sekunde. Kuihamisha kati ya fomati zake mbili, kutoka DSF kwenda DFF, ni kuhamisha biti tu, lakini kuigeuza kuwa FLAC kunahitaji kuchuja na kukokotoa upya. Matokeo yanaweza kuwa mazuri sana, ila safari hiyo haina kurudi.

Kwenda juu nako hakuongezi kitu. Faili la biti 16 likigeuzwa kuwa la biti 24 linapewa sifuri nane mwishoni mwa kila kipimo, na FLAC inazitambua sifuri hizo na kuziacha nje, ndiyo maana faili jipya halikui kwa namna ya maana. MP3 iliyogeuzwa kuwa FLAC inabaki na upungufu wa MP3 ndani ya jina la heshima. Kinachopotea kwa urahisi zaidi kuliko sauti ni maelezo: jina la mwimbaji, mwaka, picha ya jalada. FLAC na ALAC zina nafasi nzuri ya maelezo hayo, lakini kwa WAV kila programu ina njia yake, na kilichoandikwa na moja mara nyingi hakisomwi na nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyimbo elfu zisizo na majina ni mfano halisi wa methali hiyo.

Anaweza kuuliza mtu: ikiwa sauti ni ile ile, kwa nini tusibaki na WAV, na hata hifadhi za sauti zinaitumia? Ni kweli kwamba mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha jongevu, unapendekeza angalau vipimo 48,000 kwa biti 24 ndani ya BWF, ambayo ni WAV iliyoongezewa sehemu ya maelezo. Hifadhi hizo zina watumishi na mifumo ya kukagua mafaili mara kwa mara. Mtu wa kawaida hana. WAV yenyewe haibebi alama ya hakiki, kwa hiyo biti moja ikiharibika kwenye diski haijulikani, na faili lake la kawaida linakomea gigabaiti 4, takriban saa mbili na dakika nne za stereo ya biti 24 kwa vipimo 96,000. FLAC hujikagua kila kipande cha muziki, na Desemba 2024 IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, iliichapisha kama RFC 9639, hivyo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuifungua hata miaka mingi ijayo. Suala hili la kuhifadhi sauti linatugusa moja kwa moja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na baada yake kumekuwa na santuri na kanda nyingi za taarab na dansi ambazo joto na unyevu wa pwani haviachi kuzila. Kanda ikishaoza, faili lililotokana nayo ndilo asili iliyobaki, na kigeuzi kilichopangwa vibaya kinaweza kulipunguza kwa dakika moja.

Kwa hiyo geuza bila woga, lakini kagua. Hifadhi nakala kuu kwa FLAC katika kiwango kile kile cha vipimo na biti ulichopewa, na nakala za ALAC au WAV zitoe kwenye hiyo kila unapozihitaji. Kabla hujafuta faili la awali, linganisha alama za MD5, soma kiwango cha biti cha faili jipya, na hakikisha majina yamefika. Zikitofautiana alama, usifute kitu.