Kata Muhogo Uone Ndani Kabla ya Kupanda

Ndugu mkulima wa Pongwe, je, umekwisha kuona jambo hili? Shamba la muhogo limesitawi. Miti ni mirefu na majani ni mengi. Lakini siku ya kuchimba unakata muhogo, na ndani unakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu. Haufai kwa bada wala kwa kuuza.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, hapa hapa mkoani Tanga.

UTAUTAMBUAJE?

Tazama majani ya chini yaliyokomaa. Yana rangi ya manjano kandokando ya mishipa, lakini hayajikunji. Tazama pia shina changa. Lina michirizi ya kahawia.

Usiuchanganye na batobato. Batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu. Huwa na mabaka ya manjano, hujikunja na kudumaa.

UNAENEAJE?

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Inzi weupe huvichukua kutoka mti hadi mti. Sisi nasi huvieneza tunapopanda pingili za mti mgonjwa. Jirani anakupa pingili kwa wema, nawe unabeba ugonjwa mpaka shambani kwako.

UFANYE NINI?

1. Chagua mti usio na dalili yoyote. Ung'oe, kisha kata mihogo yake vipande vipande. Ukiona madoa ya kahawia, usipande pingili zake.

2. Kagua shamba mara kwa mara, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Ng'oa kila mti mgonjwa, uutoe shambani na kuuchoma.

3. Mwulize bwana shamba mbegu inayostahimili ugonjwa huu, kama Kiroba. Hiyo nayo ichague iliyo safi.

4. Kama shamba limekwisha kuugua, vuna mapema. Muhogo ukikaa sana ardhini huzidi kuharibika. Sehemu isiyo na madoa huliwa bila madhara.

Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha kuugua. Na wengi wetu huacha muhogo ardhini uwe akiba ya siku za njaa. Akiba hiyo isije ikaharibika huku wewe unasifu majani. Kata muhogo, tazama ndani, ndipo upande.